Wageni wa Kisima

"Mgonjwa katoka wodini."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza ndani ya kidude kilichokuwa sikioni mwa Nyenje.

"Kwa miguu?"

"Kwa Hilux nyeupe. Dereva mmoja, boksi la barafu nyuma. Anakimbilia mpakani. Usipige risasi, Nyenje. Narudia, usipige risasi. Chupa ikivunjika tumekwisha."

"Nakupata."

Alikuwa ameshaiona. Hilux ilikuwa mita mia tatu mbele yake, inatimua vumbi kwenye barabara ya changarawe, saa moja na nusu asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda. Nyenje alikanyaga mafuta. Land Cruiser ya Idara iliunguruma, mshale ukapanda hadi mia na thelathini.

Idara ilimpa jina la Nyenje, yule mdudu wa mitini, kwa sababu sauti yake utaisikia ila mwenyewe humwoni. Alikuwa na miaka kumi na sita kazini, risasi mbili mwilini, pasipoti nne kabatini. Mama yake mzazi alijua kwamba mwanawe ni fundi wa mafriji. Na friji la mama huyohuyo lilikuwa limekufa mwaka wa pili sasa, linahifadhi viatu, linamngoja fundi.

Mita mia.

Mita hamsini.

Dereva wa Hilux alimwona kwenye kioo akaanza kuyumbisha gari ili asipitwe. Nyenje aliingia majanini, akarukaruka juu ya mashimo, akampita upande wa kushoto. Alipofika mbele alifungua dirisha na kutupa mkanda wa misumari barabarani.

Matairi ya mbele yalipasuka yote mawili. Hilux ilijivuta, ikainama, ikaingia mtaroni taratibu kuliko alivyotegemea.

Dereva alitoka na bastola ya Beretta mkononi. Hakupata nafasi ya kuinyanyua. Nyenje alikuwa ameshamfikia, na kiwiko chake kilikuwa kimetangulia. Pingu zililia mara mbili, jamaa akabaki amefungwa kwenye bampa lake mwenyewe, anatema mchanga.

Boksi la barafu lilikuwa zima. Ndani yake mlikuwa na chupa ya kioo iliyofungwa kwa kizibo cha chuma, na maji yenye rangi ya chai kavu iliyopoa. Kando yake palikuwa na kichupa kidogo cha kudondoshea, chenye picha ya fuvu.

"Mgonjwa ninaye," alisema Nyenje.

"Nakuunganisha na Mama Udongo."

Sauti ya mwanamke iliingia, inahema. "Kaka yangu, wamezibwa?"

"Kwa kizibo cha chuma."

"Kitoe! Wanahitaji hewa hao. Wawekee pamba, halafu wewe tikisa. Tikisa polepole, usiache."

Hivyo ndivyo jasusi hatari kuliko wote wa Idara alivyojikuta kando ya barabara, bastola ya Glock kiunoni, anatikisa chupa mithili ya yaya anayebembeleza mtoto wa watu.

Mama Udongo alikuwa bingwa wa udongo. Wanafunzi wake walimwita hivyo kwa sababu kucha zake hazikuwahi kukosa tope. Miaka sita nyuma alichota konzi moja ya udongo kwenye mfereji wa ghala kuukuu la dawa za wadudu, mahali ambapo hata magugu yalikataa kuota. Ndani ya udongo ule alikuta bakteria wanaokula ile sumu. Walikuwa wachache na wanyonge. Akawalea, kila mwezi akiwaongezea sumu kidogo, wakifa wengi akiwachukua waliobaki, hadi akapata kizazi kinachoweza kusafisha ndoo nzima ya maji kwa siku mbili.

Ndipo habari zilipoifikia Kampuni, ileile iliyoleta hizo dawa na kuyatelekeza mapipa ghalani. Kampuni ilimtuma mtu wake, Bwana Tai, aliyevaa tai hata kwenye joto la kukaangia mayai. Kazi yake ilikuwa moja: bakteria wakafungiwe ng'ambo kwenye jokofu la Kampuni, na yeyote atakayetaka kusafishiwa udongo apige magoti mlangoni kwao. Alfajiri ile mlango wa maabara ulifunguliwa kutoka ndani. Chupa nyingine zote zilimwagiwa dawa ya kuua vijidudu. Ikatoka moja tu.

"Usiirudishe maabara," alisema Mkuu. "Dereva mwache hapo, vijana wanakuja kumchukua. Kuna panya ndani, na simjui bado. Una mahali pa kuificha?"

Nyenje alitazama kilima kilichokuwa mbele yake. Juu yake palikuwa na jengo la bati lililooza kwa kutu. Lile ndilo ghala lenyewe. Chini ya kilima kulikuwa na kisima, na kando ya kisima nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango wa bluu.

"Ninapo," alisema.

Hakusema kwamba ni kwa mama yake. Hilo halikuwa limeandikwa kwenye faili lolote.

*

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na vifaa vya friji?"

"Nimekuja na wageni."

Mama alichungulia nyuma yake, hakuona mtu. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele mkononi, na punje za mchele zilikuwa zinacheza zenyewe juu ya sinia. Mikono yake ilianza kutetemeka miaka mitatu iliyopita. Mwanzo alisema ni baridi, baadaye akasema ni uzee. Mbuzi wake wanne walikufa katika mwezi mmoja, akasema ni husuda ya watu.

Daktari alisema ni maji.

Nyenje alishapiga magoti kwenye sakafu hii, mtu mzima na ndevu zake, akimwomba aache kisima kile. Akamnunulia pipa, akatafuta nyumba mjini. Mama alimsikiliza hadi mwisho kisha akajibu maneno yaleyale: "Kisima hiki kachimba baba yako kwa mikono yake. Alikunywa yeye, ukanywa wewe ukakua. Leo kimekuwa sumu?" Nyenje alishawahi kuvunja mtandao mzima wa wauza silaha kwa wiki moja. Kwa mama yake na kikombe cha maji, alikuwa hana lolote.

Kwa hiyo aliiweka chupa mezani kwa heshima zote.

"Humu ndani mna viumbe hai, Mama. Wadogo, huwaoni. Hawa ndio watakaokisafisha kisima. Hawako wengine duniani."

Mama aliisogelea, akaitazama kwa jicho moja. "Sasa wanataka nini?"

"Kutikiswa. Wasikose hewa."

Mama alicheka hadi akakaa. "Kutikisa tu? Mwanangu, hii mikono ina kazi gani nyingine?" Akaishika chupa. Maji ndani yakaanza kucheza, taratibu, sawasawa kabisa na alivyoagiza Mama Udongo.

Nyenje alitoa kile kichupa. "Na chakula chao hiki hapa. Tone moja kila baada ya saa tatu. Usikiguse kwa kidole. Wala usiwape kitu kingine."

Mama alikinusa kwa mbali. Uso ukambadilika. "Hii harufu naijua. Ya kule juu kwenye mapipa."

"Ndiyo. Ndiyo wanachokula."

"Sumu?"

"Sumu, Mama."

Kidude cha sikioni kilikwaruza. "Nyenje, nakuhitaji mjini. Mtego umewiva."

"Mama, umenielewa?"

"Nenda kazini, fundi," alisema Mama, huku akitikisa. "Mimi sijaanza kulea leo."

*

Mtego ulikuwa wa kizamani, lakini panya hawasomi historia.

Maabara ilikuwa na wafanyakazi watatu wenye funguo. Mkuu alimnong'oneza kila mmoja, kwa siri kubwa, kwamba chupa imefichwa kwenye friji la duka fulani la dawa. Maduka yalikuwa matatu tofauti. Duka litakaloingiwa ndilo litakalomtaja msaliti.

Siku nzima hakuna aliyekuja. Nyenje alishinda kwenye duka la tatu, koti jeupe mwilini, akiuza panado na plasta za vidole. Asubuhi ya pili, saa nne kasoro, mlango ulifunguliwa.

Tai ndiyo iliyotangulia kuonekana.

"Nimekuja kuchukua kitu kwenye friji lako," alisema Bwana Tai.

"Una cheti cha daktari?"

Bwana Tai alitoa bastola ya Walther yenye kizuia sauti, akaiweka juu ya kaunta. "Hiki hapa."

"Hiki hakina muhuri," alisema Nyenje.

Akamfungulia mtungi wa kuzimia moto usoni. Povu lilijaa duka zima. Risasi moja ilipiga rafu ya dawa za kikohozi, ya pili ikapiga dari. Ya tatu haikutoka, kwa sababu mkono uliotaka kuifyatua ulikuwa umeshakunjwa nyuma ya mgongo.

Nje, kwenye kiti cha nyuma cha BMW nyeusi, alikaa mmoja wa wale watatu wenye funguo, fundi wa maabara aliyeitwa Glavu, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila glavu. Hakukimbia. Alinyoosha mikono mwenyewe, pingu zikafungwa juu ya glavu.

"Mmewaweka wapi?" aliuliza.

"Hayakuhusu."

"Nani anawalisha?"

Nyenje alianza kumpekua mifukoni.

"Bwana mkubwa, sikiliza. Nimewalea miaka sita, nawajua kuliko watoto wangu. Wale sio wa kuhurumia. Wanakula sumu kwa sababu hawana kingine cha kula. Ukiwapa kitu kitamu, basi. Wanazaana mbiombio, na wanaozaliwa wanaitupa ile kazi, maana hawaihitaji tena. Siku moja tu inatosha. Nani anawalisha?"

"Kama uliwapenda hivyo, mbona uliwauza?"

Glavu aliinamisha kichwa. "Nilichoka kuwaangalia wakifa kila umeme ukikatika. Kule wanakokwenda, umeme haukatiki."

Nyenje alitoa simu yake ya Nokia. Ilimjibu kwamba namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena.

Haipatikani.

*

Alimchukua Mama Udongo mlangoni pa maabara bila kusimamisha gari sawasawa. Walikwenda kilomita tisini kwa mwendo wa mbio. Land Cruiser ilikuwa na king'ora, redio tatu, kioo kisichopenya risasi na bunduki ya AK chini ya kiti, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kumfikishia mama yake neno moja.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, chupa mapajani. Anatikisa.

"Simu yako, Mama?"

"Imekwisha chaji. Kwanza njoo utazame." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na yaling'aa. Aliinyanyua chupa juani. Maji hayakuwa na rangi ya chai tena. Yalikuwa mazito, meupe, yana povu. "Tazama walivyonenepa! Ulivyowaleta walikuwa wamekonda, hata huruma."

"Umewapa nini?"

"Sukari na maji ya uvuguvugu. Kijiko kimoja kila walipoonyesha njaa."

"Na kile kichupa?"

"Nimekitumbukiza chooni." Mama alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyevunja adabu mbele ya watu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndivyo nilivyolelewa. Wewe unaniletea viumbe hai ndani ya nyumba yangu, unataka wafanye kazi kabla hawajala, tena chakula chenyewe sumu? Mwanangu, nani alikufundisha hivyo? Mimi sikukufundisha hivyo."

Nyenje aliichukua chupa mikononi mwake, akamkabidhi Mama Udongo.

Mama Udongo alikuwa ameshapiga magoti. Alimimina kidogo kwenye kichupa kirefu chembamba, akadondosha tone moja kutoka kwenye akiba yake, akakiegemeza juu ya jiwe la kisima, palipokuwa na jua. "Wakiila, maji yanageuka njano," alimnong'oneza Nyenje. "Tusubiri saa moja."

Walisubiri.

Mama alitoka jikoni na sinia. Juu yake zilikuwa glasi mbili za maji, baridi, safi kwa macho, na zilikuwa zinagongana kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. "Karibu maji, mwalimu. Umetoka mbali."

Mama Udongo aliitazama glasi. Alijua kilichomo kuliko mtu yeyote. Mkono wake ulianza kunyanyuka, kwa sababu hata yeye alikuwa na mama, na maji ya mwenye nyumba hayakataliwi.

"Amefunga, Mama," Nyenje aliwahi. "Na mimi pia."

"Wewe? Lini ulianza?"

"Leo."

Saa moja ilipita. Kichupa juu ya jiwe kilikuwa cheupe kama kilivyowekwa. Mama Udongo alikishika, akakinusa, akakirudisha pale pale kwa uangalifu usiokuwa na faida tena.

"Wamesahau," alisema.

"Huwezi kuwafundisha upya?"

"Hawa? Na wadudu wa maji ya kisima wameshajichanganya humo. Hapana, kaka. Nirudi mferejini nichote udongo, nianze na moja. Miaka sita. Mitano, kama bahati itaniangalia." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, tope likabaki shavuni.

Mkono wa Nyenje ulikuwa umekwenda wenyewe kiunoni, kwenye Glock, kwa mazoea. Lakini ampige nani? Bwana Tai alikuwa rumande. Glavu alikuwa rumande. Aliyebaki ni bibi mmoja aliyekesha usiku kucha akiwatikisa wageni wa mwanawe ili wasikose hewa. Nyenje alijisikia mnyonge kuliko siku aliyolala mtaroni na risasi ya pili mbavuni, akisikiliza buti zikimkaribia. Siku ile angalau alijua amkabili nani.

"Haya," Mama aliita, akijifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda shughulini. "Wameshiba, wamepumzika. Tuwaingize kisimani?"

Mama Udongo alifungua kinywa kusema kweli, kama kazi yake inavyotaka.

Nyenje alimtangulia, kama kazi yake inavyotaka.

"Wako tayari, Mama. Lakini kuna sharti."

"Sema."

"Wakishaingia, maji hayachotwi. Hata kikombe kimoja. Ukichota, unawachota wao."

Mama alifikiri. Miaka mitatu ya magoti, madaktari na pipa jipya haikumtoa kwenye kisima kile hata hatua moja. Nyenje aliyatazama macho yake kama anavyotazamwa mtu aliyeshika bomu.

"Mgeni akiwa kazini hasumbuliwi," alisema Mama hatimaye. "Hilo halina mjadala. Na maji ya kunywa?"

"Nitaleta mimi."

"Wewe mwenyewe? Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema wamemaliza."

Mama aliibeba chupa kwa mikono yote miwili hadi mdomoni mwa kisima. Aliimimina polepole, asiwaumize. "Karibuni," aliwaambia. "Jisikieni mko nyumbani. Aliyekichimba hayupo, lakini angefurahi." Akafunika kisima kwa mfuniko wa mbao, akaweka jiwe juu yake.

Mama Udongo aligeuka upande, akaanza kupanda kilima kuelekea mferejini, mfuko wa kuchotea udongo ukining'inia mkononi.

Kidude kilikwaruza. "Nyenje, Bwana Tai kataja majina yote. Kazi safi, faili limefungwa. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nyenje alitazama jiwe juu ya mfuniko.

"Yuko kwa ndugu zake," alisema. Akakitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni.

Bomba la maji safi lilikuwa nyuma ya kilima kingine, kwa njia ya miguu ambayo gari halipiti. Aliingia jikoni, akatoka na madumu mawili ya njano. Alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia, bila haraka, koti limefunika bastola.

"We fundi!" Mama alimpigia kelele kutoka uani. "Na friji?"

"Kesho, Mama!"

"Kesho hiyohiyo ya juzi!"

Hakugeuka. Uso wake haukuwa wa kuonyeshwa mtu.

Siku iliyofuata alileta maji. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa ndiyo anamaliza mteremko, dumu la lita ishirini kila mkono, alipomwona Mama amesimama kando ya kisima, amevaa nguo ya kutokea, kikombe kitupu mkononi kikicheza.

"Leo ya tatu," alisema Mama. "Jembe wanalo. Nifunue?"

"Bado, Mama," alisema Nyenje. Akatua madumu, akakichukua kile kikombe, akakijaza maji aliyoyabeba.